Barua Iliyotokea Chumba cha Nyuma

Sabra Bakili aliingia mapokezi ya nyumba ya wageni pale Mfaranyaki saa mbili asubuhi, kompyuta mpakato kwapani, macho mekundu kama mtu aliyekesha msibani. Alikuwa fundi wa majokofu ya chanjo. Ilikuwa wiki ya tatu yuko njiani, zahanati hii hadi ile, na kiuno kilikuwa kimeshaanza kumlaumu. Saa nne alitakiwa awe ndani ya gari la kwenda Hanga, wilayani Namtumbo, na fomu ambazo waganga wangezitia saini bado zilikuwa kwenye kompyuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelala?" aliuliza Benigna, mwenye nyumba, huku akikunja mashuka.

"Kulala nimelala, mama, ila kupumzika bado. Naomba kuchapisha karatasi."

Benigna akamwonyesha printa iliyokuwa mezani. Waya wake ulipotea zamani, kwa hiyo ilitumia waifai tu. Sabra akaingiza nywila, akafungua mahali pa kuongeza printa. Kompyuta ikatafuta weee, ikaleta majina mawili yaliyofanana kama mapacha, yakitofautiana tarakimu ya mwisho tu. Akachagua la kwanza. Akasubiri, shavu kiganjani, hadi ikasema tayari.

Fomu zilikuwa kurasa arobaini, naye hakutaka kuharibu karatasi za watu. Akatafuta kitu kifupi cha kujaribia. Kifupi kuliko vyote kilikuwa barua ya ukurasa mmoja aliyoiandika tangu Ramadhani, asipate moyo wa kuituma. Akabonyeza. Printa ikakaa kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akaizima, akaiwasha, akabonyeza mara ya tatu, kisha akalaza paji la uso juu ya meza.

"Mbona kuna kitu kinalia chumbani kwangu?" Benigna alisema, akaenda chumba cha nyuma alikokuwa na printa yake nyingine. Hakurudi upesi. Aliporudi alishika karatasi tatu, miwani ikiwa bado puani.

Sabra alihisi uso ukiwaka. Barua ilikuwa ya kwenda kwa mkuu wake wa kazi. Ilieleza kwamba binti yake Chiku, mwenye miaka mitano, analelewa na bibi yake huko Tunduru, na kwamba siku moja mtoto alipokea simu ya mama yake, akasikika akiita, "Bibi, njoo, yule mama wa kwenye simu!" Mwishoni Sabra aliomba apangiwe kazi ya karakana, apumzishwe safari.

"Nisamehe, mwanangu. Nilianza kuangalia ni ya nani, nikashindwa kuacha."

"Ilikuwa ya kujaribia mashine tu, mama."

"Ya kujaribia?" Benigna akaketi. "Mimi nilizunguka na biashara ya samaki miaka tisa, kutoka Mbamba Bay mpaka huku. Wanangu wamekuwa watu wazima. Wananiheshimu mno. Wakikutana wanacheka hadi machozi, nikiingia mimi wananyamaza, wananipisha kiti."

Sabra alipokea zile karatasi tatu, akaziweka kando. Akarudi kwenye kompyuta, akaongeza lile jina la pili. Printa ya mezani ikakohoa, ikaanza kutema fomu. Mara moja ilikwama. Benigna akaichomoa karatasi kwa ncha za vidole, wakaendelea.

Fomu zilipokwisha, Sabra alichukua nakala moja ya barua, akaitia saini, akaipiga picha na kuituma kwa mkuu wake kabla ujasiri haujapoa. Zile mbili akazichana.

Jibu la mkuu wake, Bwana Polikarp, lilimkuta stendi, ameshaketi garini. "Nimeipata. Mwezi huu sina fundi mwingine. Ukimaliza Namtumbo njoo tuongee."

Alilisoma mara mbili. Si ndiyo, si hapana. Lakini sasa yule mtu alikuwa anajua. Akabana begi la vifaa kati ya miguu, akaegemeza kichwa dirishani, na usingizi ukamchukua kabla gari halijajaa.