Maziwa Ubavuni

Mume wangu ni fundi bomba, kwa hiyo daktari alipotueleza ugonjwa wake, yeye ndiye aliyeangua kicheko. "Yaani mimi mwenyewe nimepasuka bomba?" Daktari naye akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekufa ganzi. Nilipika, nikafua, nikasaini kila nilipoonyeshwa, na sikuhisi kitu.

Alianguka kutoka juu ya tangi la maji akiwa kazini. Akameza dawa za maumivu, akaendelea kama kawaida. Siku zilivyokwenda akawa hawezi kupanda ngazi bila kukaa chini kutafuta pumzi. Picha ya kifua ilionyesha maji yamejaa upande wa kulia. Walipomchoma sindano ubavuni yakatoka meupe pe, kama maziwa. Muuguzi akasema ni usaha. Daktari akanusa, akatikisa kichwa: usaha hunuka, haya hayanuki. Majibu ya maabara yakaja: mafuta matupu.

"Mafuta ya chakula hutoka tumboni na kupita kwenye mshipa mwembamba unaopanda kifuani hadi kwenye damu," daktari alisema. "Wako umechanika. Ukila mafuta, yanamwagikia pembeni mwa pafu."

Wakamwekea mpira ubavuni, ukashuka hadi kwenye chupa chini ya kitanda. Asiguse mafuta, ili mshipa upumzike na kujiziba. Mshipa ukikataa kuziba, atapasuliwa kifua ufungwe. Na kwa alivyokonda, daktari hakuficha: huenda asiamke.

Maji kwenye chupa yakapungua, yakawa ya manjano, safi. Jamaa wakashukuru, nami nikashukuru nao, kwa mdomo tu.

Halafu yakarudi meupe. Daktari akauliza anakula nini. Sikujua, kwa sababu mchana nashinda dukani na anayekaa naye ni mama mkwe. Siku hiyo nikafunga duka mapema, nikaenda wodini. Nikamkuta mama amemwinua mwanawe kichwa, anamnywesha kikombe cha maziwa, utando wote juu.

"Mama, si walisema asiguse mafuta?"

"Mafuta yako wapi hapa, mwanangu? Haya ni maziwa." Akanionyesha chupa. "Mwenzio anavuja maziwa kutwa. Nani anamrudishia?"

Alipotoka kusuuza kikombe nikamgeukia mume wangu.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Sasa?"

"Anashinda humu hana la kunifanyia. Hicho kikombe ndicho pekee alichonacho. Ningemkatalia vipi?" Akakaa kutafuta pumzi. "Usimwambie mama kuwa ni maziwa yake, mke wangu. Nakuomba."

Hasira ikanipanda hadi masikioni. Nilitaka kumpiga, mtu mwenye mpira ubavuni. Nilimweleza daktari pembeni. Wakamkataza kula kabisa, wakamlisha kwa mshipa wa mkononi, lakini mpira haukuacha kumwaga. Leo asubuhi wamempeleka chumba cha upasuaji.

Tumekaa kwenye benchi, mimi na mama, mlango umefungwa. Amenishika mkono.

"Wamesema kwa nini yalirudi kuwa meupe?"

"Hawajui, mama. Inatokea tu."



"Labda nilimpa kidogo mno," akasema.