Mama Mpaka Miaka Kumi na Minane

Ilipofika saa nne asubuhi Fundi alikuwa amekwisha kurudishwa nyuma ya foleni mara tatu. Mara ya kwanza hakuwa na nakala ya kitambulisho. Mara ya pili nakala ilikuwepo lakini haikuwa na muhuri. Mara ya tatu karani alikuwa amekwenda kunywa chai, na dirisha la chumba cha maiti lilifungwa kwa kipande cha ubao. Akasubiri, lakini kusubiri kwa Fundi si kukaa. Alisimama, akakaa, akasimama tena, akahamisha mfuko wa nguo kutoka bega hili hadi lile, kisha akamchomoa uzi mgongoni mama mmoja asiyemjua, bila hata kumwomba ruhusa.

"Kaa basi, Fundi," alisema Mzee Pasi. "Utatoboa sakafu ya serikali."

Mzee Pasi alikuwa dobi. Kwa miaka ishirini wawili hao waligawana kibaraza kimoja nyuma ya soko, yeye na pasi yake ya mkaa, Fundi na cherehani yake. Leo wote wawili walifunga kazi. Nje ilikuwapo pikapu ya kukodi yenye jeneza tupu, na dereva wake alipiga honi kila baada ya nusu saa ili wasisahau kwamba ana safari nyingine.

Walikuja kumchukua Ghorofa, mtoto wa Fundi. Jumanne magunia ya saruji yalimporomokea ghalani alikokuwa akipakia. Mwenye ghala aliwaambia polisi kwamba kijana huyo hamjui, kwani vibarua huja na kuondoka. Sasa ilikuwa Ijumaa. Kila Ijumaa saa tisa alasiri gari la jiji lilikuja kuzoa maiti wote ambao ndugu zao hawakuthibitishwa, likawazika shimo moja nje ya mji, bila kibao. Fundi aliambiwa hivyo jana, na tangu hapo miguu yake haikutulia.

Karani alirudi akijifuta mdomo. Alikuwa kijana msafi, mwenye shati lililonyooshwa vizuri, na Mzee Pasi alilitazama shati hilo kwa heshima. Aliipokea barua ya Fundi, akaisoma mpaka mwisho, jambo ambalo wengi hawalifanyi.

"Hii imeisha muda," alisema. "Ustawi wa jamii wanasema hapa umlee mpaka atimize miaka kumi na minane. Kwa karatasi hii uliacha kuwa mzazi wake miaka tisa iliyopita."

"Na hiyo miaka tisa alikuwa anakula kwa nani?"

"Hilo mimi silijui. Nataka ndugu wa damu, au hati ya mahakama kwamba ulimwasili."

Hati hakuwa nayo, na kosa lilikuwa lake mwenyewe. 

Miaka kumi na moja nyuma kijana mmoja alikuja kibarazani akaomba kuazimwa sindano. Hakuomba kushonewa, alitaka sindano tu. Akakaa kando, akaanza kushona paja la suruali yake kwa mishono mikubwa iliyokwenda upogo, na Fundi alivumilia kidogo, kisha akamnyang'anya. Bibi aliyemlea alikuwa amefariki, akawa analala kwenye vichanja vya wauza vitunguu. Fundi hakuwa na mume wala mtoto, na wala hakuwa akiwatafuta. Lakini jioni ile alimwambia abebe cherehani ampelekee nyumbani, na kijana hakuondoka tena.

Bwana wa ustawi alipokuja kuandika barua aliuliza umri. Kijana hakuujua. Basi Fundi akavuta futi iliyokuwa shingoni mwake, akampima mkono kutoka begani mpaka kwenye kifundo. Ulikuwa mkono wa mtu mzima kabisa. Miaka yote ya kushonea watoto wa shule ilikuwa imemfundisha kwamba mkono mrefu namna ile ni wa miaka kumi na sita, na alisema hivyo kwa kujiamini, kama anayemtajia mteja bei. Bwana wa ustawi akaandika kumi na sita.

Kwa kuwa ni kumi na sita, hata sare ya shule alimshonea bila kuacha pindo. Wa umri huo amekwisha kurefuka, akajisemea. Ndani ya mwaka suruali ilikuwa imepanda juu ya vifundo. Kijana hakuwa na kumi na sita, pengine alikuwa na kumi na minne, ila Mungu alimpa mikono kwanza na miguu baadaye. Fundi aliongeza kipande cha kitambaa chini, rangi ikakataa kufanana, na shule nzima ikamwita Ghorofa, kwa kuwa suruali yake ilikuwa na ghorofa ya pili. Fundi alilia kwa aibu. Kijana alicheka mpaka akakaa chini.

"Ongeza ya tatu, Fundi," alimwambia, "niwawekee na lifti."

Kurekebisha umri kulitaka cheti cha kuzaliwa ambacho hakikuwepo. Fundi aliomba kumwasili, lakini mahakama iliahirisha, ikaahirisha tena, hakimu akahamishwa. Siku faili lilipofika mezani Ghorofa alikuwa, kwa karatasi, na miaka kumi na minane na miezi mitatu. Hakimu alimtazama yule kijana asiye na hata unywele mmoja kidevuni, akasema mtu mzima haasiliwi. Wakarudi nyumbani kwa miguu.

Hakuwa malaika. Alifeli mitihani miwili, akaficha sigara ndani ya kopo la vifungo, na mwaka mmoja walikosana akaondoka wiki tatu nzima. Alirudi na feni mgongoni, akaiwasha ikimwelekea Fundi, akaketi kula kama aliyetoka dukani. Alipika vibaya na alipenda kupika. Kila jioni aliibeba cherehani kuiingiza ndani, hata baada ya kuanza kazi ya ghala, hata mgongo ukimuuma. Fundi alimpenda. Alimpenda kuliko alivyowahi kudhani kwamba mtu aliyechelewa hivyo anaweza kupenda.

Fundi aliondoka pale dirishani mbio. Ofisi ya ustawi ilikuwa mtaa wa pili. Huko dada mmoja alimwambia kwa upole kwamba wao hushughulika na watoto, na faili la mtoto aliyekwisha kukua hufungwa na kupelekwa stoo. Kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye angeweza kumwandikia barua ya utambulisho, mlango ulikuwa na kufuli. Amekwenda kwenye semina, walisema majirani, na muhuri huwa anatembea nao mfukoni. Fundi alizunguka nyumba ile mara mbili, kana kwamba muhuri ungeweza kupatikana uani, kisha akarudi hospitali akihema.

Ilikuwa saa nane na nusu. Gari la jiji lilikuwa limekwisha kuingia uani, na wanaume wawili wenye glovu walikuwa wakifungua mlango wa nyuma.

Karani alimwita pembeni, akatoa fomu nyingine kwenye droo. Alieleza kwamba maiti asiye na ndugu anaweza kuzikwa na mtu yeyote wa kujitolea. Kinachotakiwa ni tamko, lisomwe kwa sauti mbele ya mashahidi wawili, basi. Lakini na getini ajibu hivyo hivyo, la sivyo mwili utarudishwa. Mashahidi walikuwa Mzee Pasi na dereva wa gari la jiji.

Fundi aliishika fomu. Mikono iliyokuwa haitulii tangu alfajiri ilitulia.

"Ni maneno tu," alinong'ona Mzee Pasi. "Sema tumchukue, Fundi. Sema."

Akasoma. "Natamka kwamba marehemu hana mzazi wala ndugu anayejulikana."

Dereva wa jiji alisema hakusikia, injini ilikuwa ikinguruma. Karani aliinamisha macho, akamwomba arudie kwa sauti zaidi. Fundi akarudia. Watu wote kwenye benchi walisikia. Kisha akatia sahihi, muhuri ukagongwa, na mlango wa bati ukafunguliwa.

Mzee Pasi ndiye aliyeingia kumvika. Shati lilitoka kwenye mfuko wa Fundi, jeupe, na mikono yake ilifika sawasawa kwenye vifundo. Alipotoka nje alijifuta uso kwa kiganja, akasaidia kubeba.

Getini mlinzi alifungua daftari lake, akauliza anayechukua mwili ni nani kwa marehemu. Mzee Pasi, aliyeketi mbele na dereva, aliwahi kujibu kwamba ni mtu wa kujitolea.

"Mama yake," alisema Fundi kutoka nyuma, mkono wake ukiwa juu ya jeneza.

Mlinzi alitazama karatasi. "Hapa wanasema hana mzazi."

"Wanasema hivyo. Nami nimeisoma mara mbili."

"Sasa mama, ukiniambia hivyo itabidi niwarudishe ndani."

"Turudishe basi. Lakini ya tatu sisomi."

Dereva wa pikapu alilaani chini kwa chini. Mzee Pasi alifumba macho. Nyuma yao gari la jiji lilikuwa limefika, limebeba wengine sita, likaanza kupiga honi kutaka njia. Fundi aligeuka kulitazama. Alijiuliza ni wangapi kati ya hao sita walikuwa na mtu mahali fulani, ameshika barua iliyoisha muda, akikimbizana na mwenyekiti aliye kwenye semina.

Honi ililia tena. Mlinzi alilitazama gari, akamtazama Fundi, kalamu ikining'inia juu ya daftari.

"Andika mama," Fundi alimwambia. "Wakikuuliza, walete kwangu."

Mlinzi akaandika, akaenda kufungua geti.