Mchi wa Bi Mwajabu

Kila alasiri Chausiku alikuwa akitoa kinu uani kwake Temeke, anamimina mpunga, anaanza kutwanga huku akiimba wimbo wa mama yake. Haukuwa na maneno. Ulikuwa wa kutwanga watu wawili kwa kupokezana, mmoja akishusha mchi, mwenzake anainua. Ukifika katikati, marehemu mama huyo, Bi Mwajabu, aliingia uani, akashika mchi wa pili, wakatwanga. Majirani wakimpa shikamoo, wakipita zao na ndoo.

Siku moja akaja Bwana Tomu, baharia Mwingereza, kutafuta kuku. Akausikia wimbo, akausifu mno. Sasa mgeni akisifu kitu chako utasemaje? Chausiku akasema kama alivyolelewa: "Chukua bwana, ni wako."

Muungwana hapo hujibu, "Ahsante, ukae kwa mwenyewe." Huyu, wallahi, akatoa fidla sandukuni, akaupiga, akauchukua.

Tangu hapo kila Chausiku alipofungua kinywa kuuimba, ilitoka pumzi tupu. Mama hakuja tena. Mchele ukawa unatoka chenga, punje zimevunjikavunjika.

Mwezi wa pili tangu siku ile akaja jirani yake Kondo, mpishi wa klabu ya mabaharia kule Kurasini.

"Dada, mama yako yuko kwetu."

"Anafanya nini?"

"Anatwanga. Fidla ikianza tu, huyo. Nimempa kinu cha jikoni. Wazungu wanacheza, wanamzunguka kama meza. Pumba nafagia mie."

"Wamempa hata maji?"

"Maji nimempa mie."

Chausiku akaenda. Mlinzi akamwambia Mwafrika haingii pale ila awe na kazi, naye akasimama nje ya ua wa bati, upande wa jikoni. Kupitia upenyo wa bati, dirishani alimwona Bwana Tomu akiongea, watu wakimpigia makofi. Kondo akamnong'oneza kutoka mlango wa jikoni: anasema wimbo kautunga mwenyewe, melini.

Fidla ikaanza. Bi Mwajabu akatwanga mpaka katikati ya wimbo, pale pa kupokewa, akauinua mchi, akangoja. Hakuna aliyempokea. Mabaharia wakapiga visigino sakafuni, wimbo ukaendelea.

Uliporudi pale, Chausiku akagonga bati kwa ngumi. Mama yake akageuka, akatabasamu, akashusha mchi.

Mlinzi akamfukuza. Roho ilimuuma Chausiku njia nzima, maana adabu yake mwenyewe ndiyo iliyomtoa mama nyumbani.

Bwana Tomu aliondoka na meli yake, na fidla yake. Wimbo sasa unachezwa bandari za mbali, unaitwa wa mabaharia, na kila ukifika katikati wanapiga visigino. Bi Mwajabu yuko huko, mchi juu, anangoja. Chausiku anapika chenga.