Tulivyomkinga Empus na Kelele

Kila Ijumaa zahanati ya punda ya Karatu inatutumia habari kwa simu. Ni sauti ya Daktari Hasna, anayetibu punda wetu na farasi wa watalii. Huongea taratibu, salamu kwanza, habari baadaye. Sisi wanawake wa boma letu, huku Endulen, tunaizunguka simu ya Kakenya, mke wa mwanangu, maana kwetu punda ni mali ya wanawake. Tukisikia farasi wa hoteli kachongwa meno, tunacheka mpaka tunashika mbavu. Tukisikia punda wa Kansay kachubuliwa mgongo na kamba ya nailoni, tunanyamaza, kwa sababu kamba zetu ni hizo hizo.

Ijumaa moja, ukame umeshika, alisema punda wanaibiwa usiku na kuchunwa ngozi. "Mama zangu, wawekeeni punda wenu alama."

Kakenya hakungoja kesho. Punda tuliyebaki naye alikuwa mmoja tu, Empus, jike la kijivu mwenye mstari mweusi begani. Wengine ukame uliwamaliza. Visima vya karibu vilikuwa vimekauka, na Empus ndiye aliyetuletea maji kutoka chemchemi ya mbali. Anatoka na umande, anarudi jua likielekea kuzama, madumu yakigongana mbavuni. Kakenya alikuwa na mimba kubwa. Mwanangu ni mlinzi Arusha. Magoti yangu mimi yanapanda kilima kwa kubembelezwa. Empus akisimama tunakunywa. Akianguka, nilikuwa sitaki hata kumaliza wazo hilo.

Basi Kakenya akachukua kisu, nami nikashika kichwa cha punda. Akachanja sikio la kushoto, alama ya ukoo wetu. Damu ilipotoka akapaka mavi mabichi ya ng'ombe ili ikauke, kama alivyofanya mama yake, na mama yangu pia. Kidonda kilifunga vizuri, hata nzi hawakutua.

Mwezi ulipoanza kupungua, Empus akaanza kutembea kama meza, miguu haikunji. Mkia ukasimama. Masikio yakakakamaa kama pembe. Kuku alipopiga kelele karibu naye akashtuka mwili mzima, na ngozi nyeupe ikatoka kwenye kona ya jicho, ikafunika nusu ya mboni. Kakenya akampiga picha ya video, akaituma. Daktari akapiga papo hapo.

"Bibi, shikamoo. Ana kidonda?"

"Marahaba. Hana. Ana alama tu ya sikio."

"Mlipaka nini?"

"Mavi ya ng'ombe."

"Bibi, hiyo ni pepopunda. Vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na mavi. Kidonda kikifunga, ndipo vinapofurahi."

Kakenya akaninyang'anya simu. "Si wewe uliyesema tumwekee alama!"

"Mimi, mwanangu. Ninajua mnavyochanja masikio, na sikusema neno. Nilipaswa kusema." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nakuja kesho, geti la hifadhi likifunguliwa. Sasa mtafutieni giza na kimya. Giza kabisa. Kila kelele inamkaza misuli, na ikimwangusha, kuinuka ni kazi."

Giza na kimya, kwenye boma! Ndama wanalia, mbuzi wanalia, watoto ndiyo usiseme. Mahali penye giza ni nyumba tu, na nyumba zetu kila mlango ni mfupi na umepinda, unaingia umeinama. Empus alikuwa hawezi kuinamisha hata shingo.

Nikasema, "Tuvunje ukuta wa kwangu."

"Yeyo, mama yangu, utalala wapi?"

"Kwako. Nyumba nimeijenga kwa mikono yangu, nitaivunja kwa hiyo hiyo."

Hatukutumia shoka. Tulikwangua udongo kwa vidole, tukachomoa fito moja moja na kuzilaza chini taratibu kama tunalaza mtoto. Moloimet, mdogo wa marehemu mume wangu, akaja na fimbo yake kutazama.

"Shemeji, nimeishi miaka mingi, sijaona watu wanabomoa nyumba kwa kunong'ona."

"Punguza sauti."

"Na kesho mtamtandikia kitanda?"

"Wewe kunywa maji yako ya mwisho halafu uje utuchekeshe."

Akaguna. Lakini jioni ng'ombe waliporudi nilisikia kwato tu. Moloimet alikuwa amewasubiri njiani, amejaza majani kwenye kila kengele.

Daktari Hasna alifika kesho yake. Gari aliliacha mbali, akaja kwa miguu na sanduku la barafu begani, ushungi umejaa vumbi. Hakusalimia mtu mpaka alipomaliza. Alimdunga Empus dawa ya kuzuia sumu, akamdunga penisilini, akamdunga ya kulegeza mwili. Akakifungua kidonda cha sikio, akakiosha, akakiacha wazi. Akaziba masikio kwa pamba.

"Atapona?" Kakenya akauliza.

"Anayeweza kunywa ana nafasi. Mwinulieni ndoo, shingo haishuki. Dawa hizi si za kuondoa ugonjwa leo. Ni za kumpa muda. Asishtuke, hilo tu. Asishtuke."

Tukamlinda. Kakenya alikwenda chemchemi na dumu moja, mkanda kichwani, tumbo mbele, akirudi amechoka kama mgonjwa wa pili. Nilimwambia apumzike, akasema, "Atakunywa nini basi?" Nilikaa gizani na Empus. Nilijifunza kukohoa kwenye shuka. Watoto walihamishiwa boma la jirani. Nilimwinulia uji mwepesi wa pumba. Kwanza ulimwagika wote kifuani mwake, siku nyingine akavuta kidogo, halafu akavuta tena, nikasikia koo likifanya *gluk*. Ngozi ya jicho ikaanza kurudi. Nilimweleza Kakenya kwa vidole, kwamba amemeza, amemeza, naye akaziba mdomo asicheke.

Alasiri moja mawingu yakaja kutoka nyanda za juu, meusi, yenye tumbo. Tulikuwa tumeyaomba miezi yote hiyo. Harufu ya udongo ilitangulia. Nilipoisikia, moyo wangu ulifurahi, halafu ukakumbuka.

Radi ya kwanza ilipiga mbali. Empus akatetemeka. Nikamfunika kichwa kwa shuka zangu zote mbili, nikamkumbatia shingo, ngumu kama gogo. Nje watu wakapiga vigelegele. Kakenya akatoka mbio, nikamsikia akiwanyamazisha, mikono juu: "Jamani, polepole! Jamani!" Moloimet naye akawa anapita akipunga fimbo, "Funga mdomo wewe!" Wakatii. Boma zima likasimama kwenye mvua ya kwanza, midomo imefungwa, wanalowa.

Lakini nani angeinyamazisha ile ya juu?

Ya pili ilipiga juu ya paa. Empus alikakamaa mwili wote, kwato zikatoka ardhini, akaanguka upande, nami chini ya shingo yake. Kakenya akaingia kwa ule upande uliobomolewa, mvua ikiingia naye. Tulimsukuma akae kwa kifua, Moloimet akashika mkia, majirani wakashika mgongo. Tulimwinua akaanguka. Tulimwinua akaanguka. Kila radi miguu ilinyooka na meno yakasagana. Kakenya alipiga magoti kwenye tope, tumbo lake limegusana na tumbo la punda, akawa anasema jina lake tu.

Jirani mmoja alimpigia Daktari kwa simu ya Kakenya, akasema yuko njiani.

Pumzi za Empus zilikuwa fupi, halafu zikawa zinakuja kwa kuchelewa. Niliweka kiganja puani, nikasubiri. Mimi najua kusubiri. Nilisubiri mpaka kiganja kikapoa.

Mvua iliendelea kushuka, nzuri, nene, inachimba mifereji uani. Simu ikalia. Daktari Hasna alikuwa analia au ni upepo, sikujua. Barabara imekatika, alisema, gari limezama kwenye tope, anatembea kwa miguu, tumwambie Empus avumilie.

"Rudi nyumbani, mwanangu," nikamwambia. "Nenda polepole. Njia inateleza."

Kakenya hakuniuliza alichosema Daktari. Alikuwa anatoa pamba kwenye masikio ya Empus, nyuzi moja moja, kwa uangalifu.