Safu ya Pumu

Jumatatu asubuhi fundi wa kompyuta alikaa ofisini shuleni, akaweka kikombe cha chai juu ya rejista ya zamani, akaanza kupanga safu za orodha ya wanafunzi. Jina, tarehe ya kuzaliwa, darasa, simu ya mzazi. Kila safu aliitia alama ya kijani, maana yake ni ya kudumu. Safu isiyo na alama unaijaza vizuri tu, lakini kompyuta ikizimwa inabaki tupu.

Kwenye safu ya pumu alisita. Watoto mia nne na kumi na wawili, na aliyeandikwa ni mmoja.

"Safu nzima kwa mtoto mmoja?" mwalimu mkuu alisema. "Iache hivyo hivyo. Skrini yenyewe imejaa."

Saa kumi karani alizima kompyuta.

Yule mmoja, binti wa darasa la pili, saa hiyo alikuwa njiani kurudi nyumbani na mama yake mshona nguo. Alikohoa, na hakikusikika kitu. Mabega yalipanda yakashuka, midomo ikageuka rangi ya majivu, sauti haikutoka. Mama alimpulizia dawa, akangoja apumue, wakaendelea kutembea.

Kesho yake mama alikwenda ofisini. Karani aliandika pumu, na kikohozi kikasikika kutoka darasani.

"Umesikia, mama? Tayari."

"Na mkizima?"

"Si unarudi kesho."

Akarudi kesho, na keshokutwa. Mwezi wa pili walikuwa wazazi tisa kwenye benchi: wa kifafa, wa mzio wa karanga, wa sikio moja lisilosikia. Walisogea kwa zamu.

Siku moja umeme ulikatika saa nne, kompyuta ikazimika. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni. Aliyekaa dawati moja na binti aliona dawati linatikisika, akadhani binti anacheka. Walimwokota wakati wa mapumziko, bado ana pumzi kidogo.

Mama alimfuata fundi. "Ni alama moja tu, mwanangu."

"Moja tu, mama. Hata dakika haiishi. Ila ruhusa ni ya mwalimu mkuu."

Mwalimu mkuu alimpa kiti. "Nikikuwekea wewe, mama, kesho kila mtu atataka yake."

Mama akamshonea binti kengele ndogo kwenye fulana, kifuani. Akikohoa, inalia.

"Mbuzi kapita," watoto walisema.

"Mbuzi mwenye kengele hapotei," binti alijibu, kama alivyofundishwa nyumbani.

Wazazi wengine nao walinunua kengele. Muhula ulipokaribia kuisha, mwalimu mkuu aliagiza iongezwe safu ya kengele, ili walimu wajue nani asiadhibiwe kwa kelele. Hiyo ilitiwa alama ya kijani. Kisha kompyuta ikazimwa kwa likizo ya mwezi mzima.

Mwenye mtoto asiishie kuuliza kama kaandikwa. Aulize kaandikwa kwenye safu gani.

Mama sasa anashonea mlangoni, mguu mmoja kwenye cherehani, binti anacheza uani. Kengele ikilia anachukua dawa. Ikinyamaza anasimamisha cherehani na kwenda kuangalia vilevile, kwa sababu mtoto aliyepata nafuu na mtoto aliyeishiwa nguvu za kukohoa, kwa kengele, ni kimya kilekile.