Santuri Zinazoruka

Mzee Sifaeli Sumari alikuwa amezipanga santuri zake mezani tangu asubuhi, mia mbili na nne, kwa mpangilio wa alfabeti, na pembeni daftari lenye jina na mwaka wa kila moja kwa mwandiko aliofunzwa kwenye masomo ya jioni. Sasa mabega yalimuuma. Jumamosi angehamia Moshono kwa binti yake Diana, na Diana alishasema chumba ni kidogo, baba, santuri uza. Akakubali kuuza, ila zote kwa mtu mmoja. Mkusanyo wa miaka arobaini haugawanywi mafungu kama nyanya za sokoni.

Mnunuzi alifika saa nane: Evelyn, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye duka la muziki wa zamani kule Themi. Viatu vyake vilijaa tope la Nkoaranga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pole na mlima. Daftari hilo hapo, anza nalo."

Hakuanza nalo. Alitoa santuri ya kwanza kwenye jalada lake, akaishika kwa kingo, akaimulika kwa tochi ya simu, akaiweka kushoto. Ya pili kushoto. Ya tatu kushoto. Mzee akaketi.

Saa nzima ilipopita, kulia palikuwa na santuri kumi na tisa tu. Alizitambua hata bila miwani: muziki wa dansi, zawadi za shemeji yake Aristides, aliyekuwa dereva wa malori ya Nairobi.

"Hizi hazijaguswa," Evelyn alisema. "Nitakupa laki sita."

"Hizo hata sijui zinaimba nini. Shemeji alininunia mpaka anakufa kwa sababu sikuzipiga."

"Basi alikuwekea akiba, mzee."

"Na zile nyingine?"

"Zimechimbika. Ona hapa, na hapa. Nani alikuwa akirusharusha sindano hivi? Watoto?"

"Watoto wangu hawakuigusa gramafoni yangu." Alitaka kuishia hapo. "Ni mimi. Nilikuwa tarishi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Mwalimu wa jioni alitufundisha Kiingereza mara mbili kwa wiki, nami nilikitaka kila siku. Nikisikia neno nisilolijua kwenye wimbo wa Kizungu, narudisha sindano. Naandika, narudisha tena. Ndivyo nilivyopata ukarani."

Evelyn hakucheka. "Nakuelewa, mzee. Lakini wateja wangu hawanunui ukarani."

"Zote au hakuna. Ngoja usikie."

Akainuka kwa kuegemea meza, akaweka moja kwenye gramafoni. Sauti nzito ya Mmarekani ikatoka, ikiimba habari za treni na mama aliyebaki stesheni. Kwenye ubeti wa pili sindano ikaruka, na mzee akayasema maneno yaliyorukwa, polepole, kwa Kiingereza kilichonyooka. Ikaruka tena, akayasema tena. Hakujua kwamba alikuwa akisema kwa sauti mpaka alipoona Evelyn amezima tochi.

"Nikiichukua hiyo, mzee, dukani kwangu nani atajaza pale?"

Mzee aliitazama sahani ikizunguka. Akainua sindano.

"Chukua za shemeji," alisema. "Zifunge vizuri, njia ina mashimo."

Akafungua daftari, akafuta majina kumi na tisa kwa kalamu na rula.

Gari la Evelyn liliposhuka mlima, akampigia Diana.

"Zimeondoka, baba?"

"Zimeondoka za mjomba wako."

"Na nyingine?"

"Kitanda ulichoniwekea, miguu yake ni mirefu?"

"Baba."

"Nauliza tu."

"Mifupi."

"Basi tafuta matofali. Mawili kila mguu, yatatosha."

Akaweka simu mfukoni, akavuta boksi la kwanza kwa mguu, maana mgongo ulikataa kuinama, akaanza na herufi A.