Shemeji na Kichwamoto

Mwalimu Zuraini alikuwa amemtafuta Kichwamoto kwa miaka kumi na mmoja. Ndege huyo si wa hadithi. Yupo, ana mwili mweusi na kichwa chekundu kama kaa lililopulizwa, na haishi popote duniani ila katika kisiwa cha Borneo, kisiwa kilekile ambako Zuraini alizaliwa na kufundisha jiografia mpaka akastaafu. Hapo ndipo palipomuuma. Watu walitoka Uholanzi, wakakaa siku nne, wakamwona, wakaenda zao. Yeye mwenyeji, likizo baada ya likizo, alirudi nyumbani Kuching na shingo iliyokakamaa na maneno yaleyale ya kuambiwa: "Ah, Mwalimu, walikuwa hapa jana!"

Safari hii alijipa asubuhi tatu katika msitu wa Sepilok, upande wa Sabah, kaskazini mwa kisiwa, penye daraja la chuma linalopita katikati ya vilele vya miti. Alimkodi Jovinah, mwanamke wa kabila la Kikadazan la huko, mwongoza wageni mwenye masikio ya popo. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa shemeji.

Shemeji mwenyewe, Awang Saufi, alikuwa mume wa mdogo wake, Rokiah. Alistaafu kazi ya bandarini mwezi wa pili, na tangu siku hiyo hakubanduka kwa mkewe jikoni. Mara anafunua sufuria, mara anapanga upya makopo ya viungo.

"Mchukue, dada," Rokiah alimsihi kwenye simu. "Daktari kasema atembee. Basi mtembeze! Akikaa hapa wiki moja zaidi mtakuta nimemfungia kabatini."

Zuraini akakubali kwa sababu ya mdogo wake, akaanza kujuta kabla hawajapanda ndege. Awang alitokea amevaa shati la njano lililoonekana toka ng'ambo ya barabara.

"Shati gani hilo, Shem?"

"La likizo."

"Tunakwenda kujificha msituni, wewe umevaa embe bivu?"

"Wakiniona wao kwanza, si watakuja kutazama?"

Asubuhi ya kwanza walisimama kwenye njia ya chini msituni, hawapumui, maana Jovinah alikuwa amesikia mluzi wa ndege mmoja wa ardhini, mwoga kuliko wote. Nusu saa nzima Zuraini alikodolea macho majani makavu mpaka yakaanza kucheza. Nyuma yake, Awang aliinama kufunga kamba ya kiatu.

"Shem," alisema kwa sauti ya mtu aliye sokoni, "hivi kale kakuku ni ka nani?"

"Kakuku gani?"

"Kalikuwa hapa, karibu na kiatu changu. Tumbo jekundu, mabawa ya buluu yanang'aa. Kameshaondoka."

Jovinah alijishika kichwa. Zuraini alitazama kiatu cha shemeji yake muda mrefu, kama kwamba yule ndege angeweza kuwa ameingia ndani.

Haikuishia hapo. Awang alipokwenda msalani alikutana na orangutani, yule sokwe mwekundu wa Borneo, na mwanawe mgongoni. Aliporudi alikuwa pia amemwona ndege mkubwa "mwenye pembe juu ya mdomo, halafu anavuma kama feni mbovu." Yote aliyasimulia wakati wa chakula cha mchana, huku akichambua dagaa kwenye wali wake wa nazi. Zuraini, ambaye tangu alfajiri alikuwa ameona mashore watatu na kindi, aliweka kijiko chini.

"Shem, nisikilize. Kuanzia sasa ukiona kitu, usiniambie. Umenielewa? Hata akiwa tembo mwenye mabawa. Usiniambie!"

"Hata kama—"

"Hata!"

"Haya, Mwalimu," alisema Awang, mdomo umejaa wali.

Asubuhi ya pili walipanda mnara ulio katikati ya daraja. Saa mbili na robo, Jovinah aliinua kidole. Kwa mbali, upande wa mwisho wa daraja, ilisikika sauti ya puani, kama mtoto anayelilia kitu dukani. "Ni wao, Kichwamoto," alinong'ona. Wale wanawake wawili wakatoka mbio, chuma kikilia chini ya miguu yao, wakamwacha Awang mnarani na kopo lake la keki ya tabaka. Walisimama kule saa nzima. Jasho liliingia machoni, sisimizi waliingia shingoni, na ile sauti haikurudi. Waliporudi mnarani walimkuta Awang ameketi wima kama mwanafunzi aliyevunja kioo.

"Kumetulia, Mzee?" Jovinah aliuliza.

"Kumetulia sana," alijibu upesi mno. "Karibuni keki."

Jioni walikuwa mezani wakila samaki wa kukaanga, Rokiah akapiga simu ya video. Awang alisogeza simu ili wote waonekane, na uso wa Rokiah ukajaa kioo kizima kwa furaha.

"Dada! Hongera jamani! Nimeona picha! Kichwa chekundu vile, miaka yote hii! Umelia?"

Jovinah alitazama samaki wake. Awang alijaribu kukata simu lakini akabonyeza kitu kingine, wote wakaanza kuonekana wana masikio ya paka.

"Picha ipi?" Zuraini aliuliza polepole.

Ilikuwa kwenye simu ya Awang, naye alikuwa amemtumia mkewe tangu asubuhi. Picha yenyewe ilikuwa na ukungu, lakini hakuna mwongo ambaye angeweza kuikana: tawi lililo hatua kumi kutoka mnarani, na juu yake, amekaa kama yuko kwao, Kichwamoto. Nyuma yake wengine wawili.

"Walikaa muda gani?"

"Si sana. Dakika kumi. Labda kumi na tano. Walikuwa saba."

"Dakika kumi na tano! Na mimi nilikuwa hatua themanini kutoka hapo nakodolea jani! Awang Saufi, una moyo wa mtu kweli? Kwa nini hukuniita?"

"Ulisema nisikuambie."

Kitu kilichomkera Zuraini zaidi ya vyote, zaidi ya shati na zaidi ya keki, ni kwamba ilikuwa kweli.

"Nilitaka kupiga kelele, Shem," Awang aliendelea taratibu. "Niliinuka kabisa. Halafu nikakumbuka ulivyokasirika jana, nikasema, huyu nikimwita, ndege wakaruka kabla hajafika, si ataniua? Basi nikanyamaza. Nimekaa na jambo hilo tumboni mchana kutwa, hata samaki hapiti."

Zuraini aliinuka akaenda kulala bila kuaga.

Asubuhi ya tatu ilikuwa ya mwisho. Mchana walikuwa na safari ya kurudi Kuching. Alikuwa amepanga kuondoka peke yake na Jovinah, lakini alipofungua mlango alimkuta Awang barazani, viatu miguuni, amevaa shati la kijani.

"Leo nitasema," alisema.

Alisema kweli. Mnarani alisema tangu jua linachomoza. "Shem, pale!" Ni kindi. "Shem, kule, kule!" Ni jani. "Shem, chekundu!" Ni ndoo ya mfagiaji huko chini. "Ndege!" alipiga ukelele huku anaruka, na Zuraini akageuka kwa nguvu hata akajigonga kiwiko kwenye chuma. Ilikuwa ndege kweli, inayokwenda Kuala Lumpur.

"Basi!" Zuraini alilipuka. "Inatosha! Miaka kumi na mmoja nimekuja misitu hii na sijapata kuona mtu mwenye kelele kama—"

"Shem, nyuma yako."

"Usinikatize! Kama wewe, ambaye—"

Awang hakubishana. Alishika ukingo wa kofia pana ya Zuraini kwa mikono miwili, akamzungusha kichwa kama anayefungua chupa ya achari.

Alikuwa pale. Mmoja, kwenye uwazi kati ya miti miwili, panzi mkubwa mdomoni, kichwa kinawaka. Zuraini aliinua darubini. Kabla haijafika machoni ndege alikwisha kujitosa majanini, na darubini ikaambulia mkia. Jovinah na Awang waliokuwa wakitazama upande huo tangu mwanzo walihesabu wote saba wakivuka.

"Umemwona, Mwalimu?" Jovinah aliuliza kwa wasiwasi.

Zuraini hakushusha darubini, maana machozi yalikuwa yanamlengalenga na hakutaka shemeji ayaone.

"Nimemwona," alisema hatimaye. "Na kofia yangu umeipinda."

Mchana, kwenye foleni ya uwanja wa ndege, Awang alikuwa anamsimulia mzee mmoja aliyekuwa mbele yao, mgeni kabisa, aliyemuuliza tu saa ngapi.

"Tuliwaona saba," alisema.

"Uliwaona wewe," Zuraini alidakia kutoka nyuma. "Mimi nilimwona mmoja."

"Mmoja ni katika saba, Shem."

"Mmoja ni mmoja!"

Yule mzee aliuliza ndege gani hao, wakaanza kumweleza wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akimsahihisha mwenzake, mpaka foleni ikasogea.